Majina Manne Nyuma ya Chati

Alhamisi, 3 Julai

Jokofu nyuzi nne na nusu. Sawa. Kasha la baridi limepangwa. Saa moja na nusu kina mama wameshajaa barazani na watoto wanalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea.

Kishikwambi kimenisumbua kidogo lakini nimekiweza. Mtandao hapa kwetu unapatikana asubuhi mapema tu, tena usimame kwenye dirisha la upande wa barabara. Ikifika saa tatu umeshakwenda zake. Kwa hiyo nafanya nifanyavyo siku zote. Napita barazani, naangalia nani kaja, kila mtoto naweka alama kwenye chanjo zake za leo, natuma. Ndipo nakaa na sindano zangu. Wenzangu wanaosubiri wachanje kwanza ndiyo wajaze, wanaondoka kazini na giza.

Barua ya sifa imefika kutoka wilayani. Listi yetu nzima ya watoto ni kijani. Hakuna jina jekundu, yaani hakuna mtoto aliyepitwa na tarehe ya chanjo hata mmoja. Daktari Massawe, mganga mfawidhi wetu, ameibandika ukutani kabla sijamaliza kuisoma. Tarehe 17 wanakuja wageni kujifunza kwetu. Kwetu! Zahanati yenye choo kimoja.

Nimefurahi, sitajificha humu. Miaka kumi na tisa nachanja watoto wa watu, leo ndiyo mara ya kwanza jina langu kuandikwa kwa jambo jema. Mume wangu Shabani amesoma picha ya barua kwenye simu, akaniuliza kama bado nitakubali kupika.

Ijumaa, 4 Julai

Surua imeingia mashambani, upande wa Makurunge. Mratibu wa chanjo ametuma ujumbe kwenye kundi: kila zahanati ikague listi yake, wekundu wote watafutwe nyumba kwa nyumba. Wenzangu wanajibu kwa unyonge. Huyu ana kumi na wanane, yule ana tisa na simu zao hazipatikani.

Nimejibu: Kwetu hakuna. Nikaweka na dole gumba.

Samaki wa leo walikuwa wadogo lakini watamu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wako nyumbani. Jokofu halina sikukuu, nimekwenda kusoma joto na kurudi. Ndivyo nilivyodhani.

Kwa kuwa hakukuwa na mtu, nikasema nipange chati za joto za miezi iliyopita kwenye faili. Ya Juni. Ya Mei. Nimegeuza ya Mei nikakuta mwandiko wangu wa penseli kwa nyuma. Majina manne. Nasra, Abdul, Shani, Rukia. Chini yake: *Surua. Sikufungua. Warudi Alhamisi.* Tarehe 22 Mei.

Nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa.

Siku ile nimeikumbuka yote. Mvua ilikuwa ya kupofusha. Watoto wa chanjo ya surua walikuja wanne tu. Kichupa kimoja cha surua ni cha watoto kumi, na kikikaa wazi saa sita kinamwagwa. Hufungui kichupa kwa watoto wanne, tumefundishwa hivyo na tumegombezwa hivyo. Unawaambia mama zao warudi Alhamisi ijayo, wakutane na wengine. Niliwaambia. Kila nesi anafanya.

Lakini alama nilikuwa nimeshaweka asubuhi. Zote nne. Nikazituma. Sikurudi kuzifuta.

Kwa hiyo tangu siku ile watoto wale ni kijani. Mashine inamtumia ujumbe mama wa mtoto mwekundu tu. Hawa hakuna aliyewakumbusha. Sikuwakumbusha mimi, wala mashine.

Nimerudi nyumbani. Shabani ameuliza mbona nimechelewa. Nimesema jokofu.

Jumanne, 8 Julai

Bi Tatu ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Anajua kila mlango na kila ugomvi ulio nyuma ya mlango. Nimemwambia azungukie nyumba nne, aangalie kadi za kliniki. Nimesema ni ukaguzi wa kawaida. Ameniangalia muda mrefu kuliko kawaida yake, akaenda.

Amerudi saa nane. Nasra, kadi ina tarehe 29 Mei kwa kalamu. Abdul hivyo hivyo. Shani hivyo hivyo. Walirudi Alhamisi ile ya pili, nikawachanja, nikawaandikia. Alhamdulillahi. Nimesema kwa sauti mpaka Bi Tatu akauliza kwani kuna nini.

Nyumba ya nne ina kufuli.

Rukia binti wa Mwanahamisi. Mwanahamisi analima mwani, kamba zake ziko Mlingotini. Mwembamba, mcheshi, ana pengo la jino la mbele. Siku ile ya mvua alimfunika mtoto kwa kanga mbili na yeye mwenyewe akaloa chepechepe. Nilipomwambia arudi hakunung'unika. Alisema, haya nesi, nitarudi. Mtoto alikuwa wa miezi tisa. Sasa anakaribia kumi na moja, na hana chanjo ya surua, na mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Namba yake nimepiga mara saba. Haipatikani.

Jumatano, 9 Julai

Sijamwambia mtu.

Naandika sababu ili nizione. Moja, naogopa kazi. Mbili, naona haya. Ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ningekuwa na wekundu kumi na wanane kama mwenzangu yule, ningesema tu nimepata wa kumi na tisa na hakuna ambaye angegeuza shingo. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Mimi niliipiga mwenyewe.

Nimefungua jina la Rukia kwenye kishikwambi. Alama ya surua ipo, tarehe ipo, jina langu lipo. Ukitaka kuifuta kinakuuliza sababu, na sababu inakwenda wilayani papo hapo. Nimekifunga.

Daktari Massawe ananunua rangi. Anataka baraza lipakwe kabla ya wageni.

Alhamisi, 10 Julai

Kliniki. Watoto thelathini na moja. Leo sikuweka alama mapema. Nimechanja, nikaandika kadi kwa kalamu, kisha ndiyo nikagusa kishikwambi, mmoja mmoja. Saa tatu mtandao ukakata. Kina mama wakaanza kuguna, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba sifa zimenilevya, sasa najivuta. Nilitaka kumjibu. Sindano imo mkononi, nikaita mtoto anayefuata.

Mchana Bi Tatu amepata habari kwa jirani. Mwanahamisi yuko mashambani kwa mama mkwe wake, wanavuna mpunga. Tangu katikati ya mwezi wa sita.

Nikauliza mashamba ya wapi.

Makurunge.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemwomba daktari ruhusa ya kutoka na kasha la chanjo kesho, huduma ya mkoba, niende mashambani. Akauliza kumfuata nani. Nikasema watoto wetu waliohamia huko na wazazi. Akafungua kishikwambi, akanigeuzia. Kijani tupu mpaka chini. Akacheka. Akasema, "Nesi Zuhura, wewe umemaliza kazi yako. Waache wenye wekundu wahangaike. Chanjo yangu haitoki kwenda kutembea."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema sawa, daktari.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda bila chanjo. Nimemwambia Shabani nakwenda kumwona mgonjwa, na hilo halikuwa uongo sana. Basi mpaka Bagamoyo mjini, kisha bodaboda. Vumbi mpaka kwenye meno.

Nyumba ya mama mkwe iko mwisho wa mashamba, udongo na makuti, na uwanja umejaa mpunga ulioanikwa. Nikabisha hodi, nikamwamkia bibi shikamoo, akaitika marahaba na kunipa kigoda. Mwanahamisi alikuwa anapepeta. Aliponiona akafurahi, yule mtu. Akafikiri nimepita tu.

Rukia alikuwa mkekani anatafuna kipande cha muhogo. Mnene. Amefanana na mama yake mpaka anavyocheka. Pua inachuruzika, macho yana uwekundu kidogo. Vumbi la mpunga, nikajiambia. Kila mtoto pale anachuruzika.

Nimeomba kadi. Ameitoa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Mahali pa surua ni peupe.

Nilikuwa nimepanga kumuuliza kwa upole kwa nini hakurudi. Kwa upole! Kabla sijauliza amenieleza mwenyewe, wala si kwa kulaumu, kama mtu anayesimulia safari. Alhamisi ile ya kurudi, tarehe 29, ilikuwa bamvua. Maji yakitoka vile ndipo mwani unapofikika, na siku zile wanawake wote wako pwani, asiyeenda kamba zake zinaozea majini. Akasema atamchanjisha huku aendako. Na alikwenda kweli. Walipokuwa njiani kuja huku akashuka barabarani, akampeleka mtoto kwenye kituo kimoja. Kituo sikitaji, kosa si lao. Wakaangalia kwenye mashine yao. Wakamwambia mtoto huyu ameshachanjwa surua, anataka achomwe mara mbili? Akawaonyesha kadi, pako peupe. Wakamwambia kadi inaweza kukosea, mashine haikosei. Foleni nzima ikamcheka.

"Nilikwenda, nesi," akasema. "Nikaona aibu, nikarudi barabarani."

Nikamwambia mashine ilikosea.

Ndiyo niliyosema. Neno kwa neno. Akatikisa kichwa akasema, ndiyo nilijua mimi, hizi mashine.

Nimemwambia amlete mtoto Jumatatu asubuhi bila kukosa. Mama mkwe akaingilia kwamba mtoto ana mafua, hachomwi sindano akiwa na mafua. Nikamwelewesha. Mwanahamisi akasema watakuja. Ningemchukua pale pale nimpeleke mjini, lakini Jumamosi hawachanji, na hata kama wangechanja, wangefungua mashine, na mashine ingewaambia nilichoiambia mimi.

Nyumba ya pili kutoka pale mlango ulikuwa umefungwa mchana kweupe. Bibi akasema mtoto wao hajisikii vizuri. Hakusema ana nini na mimi sikuuliza, maana nilishajua.

Jumapili, 13 Julai

Nimefua kila kitu ndani ya nyumba. Hata mapazia. Shabani ameacha randa yake, amekuja kusimama uani, akasema, mke wangu, umefua shuka hiyo mara mbili.

Nikamwambia yote. Nilipofika pa mashine kukosea akanikatisha.

"Mashine ina mikono?"

Amerudi kwenye mbao zake. Nimemchukia kwa dakika kumi hivi.

Jumatatu, 14 Julai

Saa moja hakuna. Saa mbili hakuna. Kila bodaboda ikipunguza mwendo barabarani natoka mlangoni. Baraza linanuka rangi mbichi. Saa nne hakuna.

Saa tano nimefungua jina la Rukia nikagusa alama yangu. Sababu ya kusahihisha? Kinakupa tatu za kuchagua. Kosa la mtandao. Kosa la uandishi. Nyingine. Hiyo ya kwanza ingetosha. Nchi nzima ingeniamini, hakuna mtu asiyeujua mtandao wetu. Kidole kilikaa pale juu muda mrefu.

Nimechagua Nyingine. Nimeandika: *Niliweka alama kabla ya kuchanja. Mtoto hakuchanjwa. Kosa ni langu.* Nikaenda dirishani, nikatuma.

Jina likawa jekundu. Moja, katikati ya kijani chote kile.

Kisha nimemfuata daktari nikamwambia kabla wilaya haijampigia. Alikuwa na brashi ya rangi mkononi. Nilitegemea kelele. Amekaa kwenye benchi lenye rangi mbichi bila kujua. Ameuliza ni wangapi wengine. Nikasema ninaowajua ni wanne, na watatu walirudi. Akauliza, na usiowajua?

Tangu Januari naweka alama asubuhi.

Amepiga simu wilayani mwenyewe. Gari litakuja kesho alfajiri. Suruali yake imeharibika.

Jumanne, 15 Julai

Tumechelewa.

Uwanja ulikuwa mtupu, mpunga umekusanywa. Bibi akatuambia Mwanahamisi amekwenda sokoni. Nikasikia kikohozi ndani. Walikuwa chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa kanga, mtoto amelala kifuani kwa mama. Vipele vimeanzia nyuma ya masikio na vimeshuka shingoni. Uso umevimba. Macho hayafunguki. Bibi alikuwa anamlinda kwa anavyojua yeye: mtoto wa surua hatolewi nje, hachomwi sindano. Wameficha kwa sababu ya mapenzi. Mimi nilificha kwa sababu ya barua ukutani.

Yale macho ya Jumamosi. Niliyaona. Nikasema vumbi.

Daktari ametoa matone ya vitamini A. Nilimshika kichwa Rukia ayameze. Alikuwa anaungua.

Kisha nikamwambia Mwanahamisi ukweli, pale pale, mbele ya bibi na mbele ya daktari. Kwamba mashine haikukosea. Kwamba nilimwandika amechanjwa kabla sijafungua kichupa, na sikukifungua. Kwamba kituo kile kilimrudisha kwa sababu yangu. Nilisema kwa haraka, nikisimama sitamaliza.

Alisikiliza yote. Kadi ilikuwa mkekani karibu na goti langu. Ameivuta taratibu akaiweka upande wake.

Gari limewapeleka hospitali. Sisi tumebaki, daktari na mimi, tumekwenda shamba kwa shamba kwa miguu. Watoto kumi na saba. Vichupa viwili, dozi tatu zimemwagwa. Sikuzihesabia hasara. Kila mmoja kwanza sindano.

Jumatano, 16 Julai

Homa haijashuka. Bi Tatu ndiye anayeniletea habari, sijathubutu kwenda. Hakunisema. Alisema tu angenisaidia tangu Jumanne ile kama ningemwambia ukaguzi ni wa nini.

Nimemuuliza daktari: ningesema siku ile ile ya Sabasaba, tukaenda Jumanne ya tarehe 8, ingesaidia? Amesema pengine alikuwa ameshaambukizwa. Nimeuliza pengine kiasi gani. Amesema, Zuhura, usinifanyie hivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Wageni wamekuja. Daktari alitoa barua ukutani jana jioni. Nilidhani ataahirisha ziara au atawaonyesha baraza jipya na kuwapa soda. Amewaeleza kila kitu na mimi nimesimama pembeni yake. Mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, ameomba kuiona ile chati ya Mei. Amegeuza nyuma, akasoma majina manne ya penseli. Amesoma mara mbili.

Akaniuliza kama mashine ina mahali pa kuandika "arudi, kichupa hakikufunguliwa". Nikasema haina. Akaandika kwenye daftari lake.

Sijui kama hilo linanipunguzia kitu. Sidhani.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda hospitali. Nimonia. Rukia ana mrija wa oksijeni puani na mbavu zinahesabika akivuta pumzi. Macho yamepakwa dawa.

Nimetoa salamu. Mwanahamisi ameitikia, kwa sababu salamu ni faradhi kuitikia. Hakuniangalia. Nimeacha uji kwenye chupa na nguo mbili safi kwenye kona ya kitanda. Nilipofika mlangoni nikageuka, uji ulikuwa palepale nilipouweka.

Nimekaa nje ukutani mpaka saa kumi. Nimesali, kisha nikaogopa kwamba naomba kwa ajili yangu mwenyewe.

Jumapili, 20 Julai

Vile vile.

Jumatatu, 21 Julai

Barua ya kujieleza inatakiwa wilayani Ijumaa. Nimeandika kurasa tatu. Mtandao, foleni, kichupa cha watoto kumi, nesi mmoja kwa vijiji viwili. Yote kweli. Nimesoma tena, nikaona ni kurasa tatu za kumtafuta mtu mwingine. Nimechana. Nimeandika aya moja.

Jioni amenipigia mwenzangu wa zahanati nyingine, yule mwenye wekundu wengi. Nilijua anapiga kunicheka. Alikuwa analia. Na yeye anaweka alama asubuhi, tangu mwaka jana. Hajui ni watoto gani. Anauliza aanzie wapi.

Nikamwambia aanzie kwenye kadi za mama zao. Asiangalie kishikwambi kabisa, aende nyumba kwa nyumba aangalie kadi.

Alhamisi, 24 Julai

Mrija umetolewa. Bi Tatu amepiga simu katikati ya kliniki, nimepokea na glavu mkononi, sijawahi. Rukia amenyonya. Amelia kwa sauti.

Nimeingia chumba cha jokofu nikafunga mlango. Nimelia mpaka mama mmoja akagonga kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Ijumaa, 25 Julai

Jicho la kushoto lina doa jeupe. Daktari wa macho amesema ataona mwanga na vivuli. Labda na zaidi akikua. Labda.

Barua yangu nimeipeleka.

Jumatano, 6 Agosti

Karibu wiki mbili sijaandika. Nimepita na Bi Tatu nyumba zote za vijiji vyetu viwili, kadi kwa kadi. Tumepata watoto wengine watano ambao mashine inasema wamechanjwa na kadi ni nyeupe. Watano. Wote wamechanjwa sasa. Nimesahihisha kila jina na kila mara nimechagua Nyingine. Wilayani wanasema hatua dhidi yangu itajulikana mwezi ujao. Huenda ni uhamisho, huenda ni zaidi. Miguu imevimba. Nalala vizuri kuliko mwezi uliopita, na hilo nalo linanichoma.

Alhamisi, 7 Agosti

Jokofu nyuzi nne nukta nane.

Kliniki ya watoto ishirini na sita. Nimewaambia kina mama tutachelewa na kila mtu aangalie kadi yake ikiandikwa. Siku hizi hawagombi. Habari imefika kila jiko.

Mwanahamisi alikuwa wa kumi na nne kwenye foleni. Hakupita mbele, alisubiri zamu kama wengine, Rukia mgongoni. Nimempima mtoto uzito. Amepungua sana lakini ameanza kurudi. Alinyoosha mkono kushika kalamu yangu na akaikosa, mkono ukapita pembeni. Akajaribu tena akaipata.

Mama yake akafungua mafundo mawili ya mfuko, akatoa kadi, akaiweka mezani. Mahali pa surua bado ni peupe.

"Andika," akasema.

Nikamuuliza niandike nini.

"Kilichotokea."

Ni mahali padogo, panatosha tarehe na basi. Nimeandika kwa herufi ndogo: *22 Mei aliletwa. Hakuchanjwa. Aliugua Julai.* Nimeandika jina langu lote, si sahihi ya mkato. Yeye hajui kusoma vizuri, akampa mama aliyekaa naye benchini amsomee. Yule akasoma kwa sauti, na baraza zima likasikia.

Mwanahamisi akaichukua kadi, akaipuliza wino ukauke. Akairudisha kwenye mfuko, akafunga mafundo mawili. Akauliza arudi lini kupima uzito tena. Nikamwambia Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Akahesabu kwa vidole, akasema siku hizo maji yatakuwa mafu, mwani haufikiki, ataweza.

Nikaita wa kumi na tano.